Sifuna Atafuta Sare

Jioni ofisi zikifungwa, kabla watu wa Kangemi na Riruta hawajakimbilia basi zao, kulikuwa na benchi moja kwenye kichochoro cha nyuma ya River Road ambalo halikukosa watu. Lilikaa chini ya dirisha la Odhiambo, fundi cherehani, aliyeitwa Kipimo kwa sababu ya futi ya kitambaa iliyomning'inia shingoni hata akila. Pembeni, mwaka ule wa sabini na mbili, Kasyoka alipika kahawa ya tangawizi kwenye jiko la makaa, na aliyeinywa kuliko wote ni Wahome, karani wa kampuni ya bima, mtu wa tai na miwani. Huyo alijua, kwa hesabu za kazini kwake, ni watu wangapi kati ya elfu watavunjika mguu kabla ya Krismasi. Walimwita Bima. Wa mwisho kufika Ijumaa hiyo alikuwa Sifuna, kijana wa Bungoma, mchora mabango, rangi nyekundu bado iko kwenye kucha. Aliketi bila kusalimia mtu, na hapo ndipo wakajua kuna jambo.

— Umefiwa? Kipimo akauliza.

— Hapana.

— Umefutwa kazi?

— Hapana, bwana. Nimeitwa niende Waithaka kesho. Baba yake Njambi anataka tucheze vishale, vile vya kurusha ubaoni.

Njambi walimjua wote kwa habari. Alikuwa mpiga taipu katika ofisi ambayo Sifuna aliitwa kuchora jina la bosi mlangoni, na jina lile fupi lilimchukua kijana wiki nzima.

— Sasa shida iko wapi? Kipimo akasema. Si wewe ndio unawachapa watu wote pale Kangemi?

— Hiyo ndiyo shida. Nikimshinda mzee kwake, mbele ya mama na binti, nimemvunjia heshima. Nikishindwa, atasema huyu ni mlegevu, hata kishale kinamshinda, mtoto wangu atamlisha na nini? Mimi nataka tutoke sare. Bima, wewe ndio unajua mambo ya nafasi-nafasi. Nipigie hesabu. Sare iko na nafasi gani?

Bima akaweka kikombe chini taratibu. Hakuna kitu kilichomfurahisha kama kuulizwa hesabu na mtu asiye bosi wake.

— Mnacheza michezo mingapi?

— Sita. Mzee ndiye amesema.

— Na mko sawa, nyinyi wawili?

— Tuseme tuko sawa.

— Kama mko sawa si mtatoka sawa? Kipimo akadakia. Hiyo inataka karani ya nini?

— Ngoja, wewe. Bima akatoa senti kumi mfukoni. Kila mchezo ni kama kurusha hii. Ikilala upande huu, ameshinda Sifuna. Upande huu, mzee. Sasa mkicheza miwili, inaweza kuwa Sifuna yote, ama mzee yote, ama Sifuna halafu mzee, ama mzee halafu Sifuna. Njia nne. Ngapi ni sare?

— Mbili, akasema Kasyoka, huku akipepea jiko.

— Mbili kwa nne. Nusu. Lakini mkicheza sita, njia zinakuwa sitini na nne. Zile ambazo kila mtu anapata tatu zake ni ishirini peke yake. Haifiki hata theluthi.

Sifuna akainamia ile senti.

— Yaani tukizidi kucheza ndio sare inazidi kutoroka?

— Ndiyo. Mtakaribiana, hiyo sikatai. Lakini kulingana kabisa-kabisa, hapo ni kazi. Mwambie mzee mcheze miwili.

— Nimwambie mzee wa watu ati tucheze miwili? Atajua naogopa.

Kipimo alikuwa ameshatoa kichwa chote dirishani.

— Omera, ndugu, hesabu yako ina shimo! Huyo baba yake Njambi mwenyewe, Macharia, na rafiki yake Isaiah, yule wa reli aliyekufa mwaka jana. Uliza mtu yeyote wa Riruta. Miaka na miaka, kila Jumamosi michezo sita, na karibu kila Jumamosi sare. Watu walikuwa wanaenda kuwatazama kama sinema.

— Haiwezekani.

— Nimeona na macho yangu! Nilikuwa nampelekea Isaiah suruali.

— Mara moja kwa tatu, nakubali. Karibu kila mara? Bima akavua miwani. Kule kazini kwetu tukiona nyumba za mtu mmoja zinaungua kila mwaka, hatusemi ni bahati. Tunatuma mtu aende akaangalie.

— Hakuna cha kuangalia. Ni ule ubao. Ulikatwa kwa mti uliopigwa na radi. Nusu ya mti ilikufa, nusu ikabaki hai. Sasa unagawa.

— Unagawa nini?

— Ushindi! Huku nusu, huku nusu.

— Mimi nafikiri ni pombe, akasema Kasyoka. Chupa ya kwanza inampata mmoja, ya pili inampata mwingine, ya tatu wako sawa.

— Hawa ni watu wa kanisa, mama, Sifuna akasema. Walikuwa wanakunywa chai.

— Basi ni chai.

— Na kuna upepo! Kipimo sasa alikuwa amewaka. Unatoka Ngong. Mchezo huu unavuma hivi, unaofuata unavuma vile. Wewe kesho ukifika, lowesha kidole, pima. Chukua hata futi yangu upime umbali, pengine yule mzee amesogeza mstari.

— Nikapime mstari wa baba mkwe na futi?

— Usiku wa leo usilale upande mmoja, Kipimo akaendelea bila kusikia. Lala chali, mikono yote ipumzike sawa, ndio sare ianzie mwilini.

Mteja mpya, dada mmoja aitwaye Lornah, alikuwa amesimama hapo muda wote akingoja upindo wa gauni lake. Alikuwa ameshika kikombe ambacho hata hajakionja.

— Samahani, akasema. Huyo mzee alisema akikushinda utamkosa binti?

— Hakusema hivyo, dada.

— Ukimshinda je?

— Hakusema kitu.

— Kwani alisema nini?

Sifuna akafikiri.

— Alisema, "Jumamosi kuja tucheze."

— Sasa yeye anataka nini?

Bima akaigeuza senti yake upande huu na upande huu. Kasyoka akachochea makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri tu. Kipimo akakumbuka ghafla kwamba ana gauni la mtu, akarudi ndani. Sifuna alipanda basi ya Kangemi na swali lile, akalala nalo, na hakulala chali.

Kesho yake mchana alimkuta Mzee Macharia akitoka zizini, kofia kichwani, gambuti zimejaa matope. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda mabegani. Ubao ulitundikwa kwenye ukuta wa stoo, chini ya mabati yaliyotokeza mbele. Njambi na mama yake walikaa verandani wakimenya viazi, na kila Sifuna alipotupa jicho huko, Njambi alikuwa akitazama kiazi.

— Mia tatu na moja, unapunguza mpaka sufuri, unafunga na dabo, ule ukanda mwembamba wa pembeni, mzee akasema. Hivi ni vya Isaiah. Rusha na hivi.

Akampa vishale vitatu vya shaba, vimelainika kwa kushikwa. Sifuna akavipokea kwa mikono miwili.

Mchezo wa kwanza alishinda Sifuna, akaogopa. Wa pili alishinda mzee, Sifuna akapumua. Wa tatu Sifuna tena. Wa nne alijitahidi sana asiachwe mbali, akidhani ataulegeza mwishoni, lakini mzee akafunga kabla yake, kishale kimoja safi, na kutoka verandani mama akasema, "Haiya!" Mbili kwa mbili. Wa tano kishale cha Sifuna kilijiingilia chenyewe. Tatu kwa mbili.

Kufika wa sita, mzee alikuwa amechoka. Mkono wake ulipanda vizuri lakini vishale vilishuka, viwili kati ya vitatu vikianguka chini ya pale alipovitaka. Alikuwa amebakiza dabo tu, akaikosa. Ikawa zamu ya Sifuna, naye alibakiza dabo kumi. Akipata, nne kwa mbili. Akikosa, mzee atapata nafasi nyingine, na pengine nyingine tena, mpaka afunge, na sare hiyo hapo. Wala haikuhitaji kukosa sana. Mkono wake uliweza kupiga mstari mnyoofu kwenye mabati bila rula. Kukosa kwa unene wa ukucha kulikuwa mchezo kwake. Akainua kishale.

— Ngoja, mzee akasema.

Alisema polepole, watu wa verandani wasisikie. Alikuwa amemsogelea.

— Isaiah alikuwa anafanya hivyo hivyo. Kiwiko kinatoka nje kidogo.

Sifuna akashusha mkono. Uso ulimwaka.

— Mkono wangu ulianza kuisha zamani, kijana. Wake ulikuwa bado. Alikuwa anaweza kunifunga kila Jumamosi. Lakini sare, sare, sare. Alidhani sioni.

— Na kwa nini hukumwambia, mzee?

— Nimwambie nini? Mtu anakupenda namna hiyo, utamkamata kama mwizi? Nikanyamaza. Mimi narusha kwa nguvu zangu zote, yeye anapanga mambo yake, tunakunywa chai, anaenda nyumbani. Macharia akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Sasa ameenda. Na mimi sijui nilikuwa nacheza aje. Miaka hiyo yote, sijui ushindi upi ulikuwa wangu na upi nilipewa. Njambi ameniambia wewe unarusha. Ndio nikakuita. Rusha kama mtu.

Sifuna hakumtazama Njambi. Alirudisha kiwiko mahali pake, akatafuta ule uwazi mwembamba wa dabo kumi, na kwa mara ya kwanza tangu afike hapo hakufikiria kitu kingine. Kishale kikaingia katikati yake.

Kule verandani kisu kilisimama kwenye kiazi. Mzee alikwenda mpaka ubaoni, akainama, akakitazama kile kishale muda mrefu, mgongo wake kwa watu. Sifuna alianza kutafuta maneno ya kuomba radhi kwa Kiswahili, akayakosa, akayatafuta kwa Kibukusu cha kwao.

— Nne yako, mzee akasema, bado amegeukia ukuta. Mbili yangu.

— Ndiyo, mzee.

— Hizo mbili. Hukunipa?

— Sikukupa hata moja. Ule mchezo wa nne niliutafuta sana.

Macharia akageuka. Macho yalikuwa yamemlowa na alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha kifuani kama cha mtu anayejicheka mwenyewe.

— Mama Njambi! akaita. Nimepata mbili! Lete chai!

Halafu, akiwa bado ameshika vile vishale, akamwambia Sifuna kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza dawa ya ng'ombe:

— Ulete wazee wako tuongee. Lakini waje Jumapili baada ya kanisa. Jumamosi tunacheza.

Jumatatu jioni benchi lilikuwa limejaa mapema. Bima alikuwa amelegeza tai.

— Matokeo?

— Nne kwa mbili. Nimeshinda.

Kipimo akamshika bega kupitia dirishani.

— Pole, ndugu yangu. Utapata mwingine. Huko Machakos kuna wasichana wazuri sana.

— Amesema nilete wazee.

Walipomaliza kupiga kelele, na ilichukua muda, Kasyoka akamtaka awaeleze yote tangu mwanzo. Aliwaeleza kuhusu gambuti, na viazi, na ile "Haiya" ya mama mkwe. Habari ya kiwiko cha Isaiah hakuitaja. Ilikuwa ya mzee.

— Sasa, akasema, akachezea rangi kwenye kucha. Baba yangu alishakufa, hiyo mnajua. Mjomba atatoka Bungoma, lakini ni mtu mmoja, na Nairobi hajui pa kushukia. Mtu haendi kwa wakwe na mjomba mmoja. Nilikuwa nafikiri... wazee wangu wa hapa mjini ni nani kama si nyinyi?

Bima akakaza tai yake mpaka juu kabisa, kama vile wakwe wamekunja kona ya kichochoro. Yeye alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, angeketi upande wa Wabukusu kuomba binti wa Kikuyu, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua ni kutafuta kitambaa cha kufutia miwani.

— Hiyo koti yako haiwezi, Kipimo akamwambia, akivuta futi shingoni. Imechakaa kwapani. Simama.

— Sina kitu ya kukupa mwezi huu.

— Nimekuuliza? Simama, inua mkono.

Bima akasimama katikati ya kichochoro, mikono imeinuliwa, na futi ikamzunguka kifuani huku watu wa ofisini wakipita na kutazama.

— Na mimi? Kasyoka akauliza.

— Mama, wewe ndio utatangulia, Sifuna akasema. Hawa nani atawaambia wanyamaze?

Kasyoka akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasingizia moshi. Aliinua birika awajazie, likatoa matone machache kwenye kikombe cha Sifuna na kuishia hapo. Akalitikisa. Jumapili ilikuwa siku yake kubwa, watu wakitoka makanisani mjini, na wote pale walijua.

— Sasa nyinyi wote mkienda Waithaka, na mimi nikienda, akasema, nani ataniangalilia jiko?

Bima akatazamana na Kipimo. Sifuna akatazama makaa. Basi za Kangemi na Riruta zilikuwa zikiondoka, lakini wote wakabaki kulitafutia swali hilo jibu.