Orrin Halvorsen, Refa Aliyemtaka Mchezaji Aruke

Marehemu Orrin Leif Halvorsen alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Kettle Bend, Wisconsin, mtoto wa kwanza wa Arne na Borghild Halvorsen, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mimi ninayesoma, Marit, ni mdogo wake wa pekee.

Alimaliza sekondari hapa mjini mwaka 1969 na kupata shahada ya ualimu mwaka 1973. Tenisi alijifunza mwenyewe, kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa zizi. Ng'ombe waliuzoea ule mdundo. Juma alilougua surua, Mama alisema waligoma kutoa maziwa.

Kwa miaka mitatu alijaribu kuishi kwa raketi. Julai 1976, katika mashindano ya wanaume ya hapa kwetu, upande wa mchezaji mmoja mmoja, alishindwa mechi ya mwisho ya mchujo wa kuingia droo kuu, yaani mashindano yenyewe. Kanuni ilikuwa, na bado ipo, kwamba aliyeshindwa hapo huandika jina lake kwa refa asubuhi. Mchezaji wa droo kuu akijitoa kabla ya mpira wa kwanza, yeye huingia. Orrin aliandika. Alivaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi na Mama, akapasha misuli, akakaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya pili mchezaji mmoja mwenye jina kubwa, kifundo cha mguu kimevimba hata kiatu hakifungiki, aliingia uwanjani. Alicheza gemu mbili, akainua mkono kwamba ameumia, akachukua malipo ya raundi ya kwanza, ambayo hupewa aliyeanza mechi tu, akaenda ziwani kuvua. Nilikuwepo. Nilimwona akicheka huku akipakia ndoano garini. Mchungaji ameniomba nitumie maneno ya upole, lakini kwa jambo lile ninalo neno moja tu: kinyaa. Kaka yangu hakuikaribia tena droo kuu.

Alifundisha jiografia kuanzia mwaka huo hadi 2010. Tarehe 14 Juni 1980 alimwoa Joyce Wendt. Alimposa Ijumaa, mbele ya sahani ya samaki wa kukaanga, na kwa uaminifu wake akaanza kwa kumtahadharisha kwamba yeye ni mtu wa mchujo tu.

"Kula samaki wako, Orrin," Joyce alimwambia. "Mimi sikuja kutazama tenisi."

Mwaka 1988 alifanywa refa wa mashindano yale yale. Jumanne, tarehe 22 Julai 1997, mchezaji aliyepangwa wa pili kwa ubora alifika akiburuta mguu wenye goti bovu. Orrin alimwita mbele ya daktari, akamwambia aruke mara kumi kwa mguu ule. Aliruka mara mbili, akashika ukuta. Orrin akalifuta jina lake. Mkurugenzi wa mashindano, Bwana Gordon Pruitt, alikuja mbio.

"Watu wamelipa kumwona huyu, Orrin."

"Kumwona akifanya nini? Akichechemea kwenda kuchukua hundi?"

"Gemu mbili tu, bwana wee. Kisha anajitoa, na kila mtu anaridhika."

"Si kila mtu, Gordon. Yupo mmoja benchini ameshafunga viatu."

Huyo alikuwa Terry Novotny, fundi bomba kutoka Iowa, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa. Aliingia, akafungwa 6-1, 6-2 kwa dakika hamsini na moja. Alitoka machozi yakimtiririka, akamshika Orrin mkono kwa mikono yake miwili. Jioni hiyo Bwana Pruitt alimwondoa Orrin kwenye urefa kwa barua ya mistari miwili. Kila Julai iliyofuata, wachechemeaji waliingia uwanjani, wakainua mkono, wakalipwa. Na watu wa mji huu, sisi hawa tulioketi hapa, tuliwapigia makofi.

Agosti 2021 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Joyce alimuuguza nyumbani. Juma la mwisho nilimuuliza kama aliijutia siku ile.

"Hebu niache, Marit," alisema. "Terry alishinda gemu tatu, na zote zilikuwa zake."

Alifariki Jumatano, tarehe 3 Mei 2023, saa kumi alasiri.

Ameacha mjane, Joyce, mabinti wawili, Karin na Solveig, wajukuu watano, na mimi.

Mashindano yameleta shada lenye maandishi "Kwa rafiki yetu mkubwa", na Bwana Pruitt, aliyeketi safu ya tatu, ameomba kusema machache na kubeba jeneza. Familia imejadiliana. Shada limebaki mlangoni. Kahawa na keki ziko ukumbini, chini ya kanisa, Gordon, na unakaribishwa kama kila mtu. Kusema hutasema. Kwenye jeneza, nafasi yako amepewa Terry.

Orrin, kaka yangu, pumzika. Huko hakuna wa kukukalia mahali pako.