Lori la Kifusi Lasubiri Melkior

Kijiwe cha Mawenzi kina benchi moja refu ambalo mguu wake mmoja umekatika ukawekewa tofali, na mbele yake pana dimbwi ambalo tangu masika yaanze hakuna aliyelivuka akabaki na viatu safi. Hapo hukaa Jovin, aitwaye Bandari kwa sababu ujanani alifanya kazi bandarini Tanga na hajampa mtu nafasi ya kulisahau hilo. Eliufoo fundi baiskeli, ambaye wamempachika jina la Injinia. Na Ndelilio muuza mitumba, wao humwita Redio. Ni watu wema. Kasoro yao ni kwamba hakuna jambo wasilolijua, hasa lile wasiloliona. Asubuhi hiyo alikuwapo pia Melkior wa Old Moshi, amekaa ukingoni mwa benchi, kahawa imempoa mkononi. Ng'ambo ya barabara lilisimama lori limejaa kifusi. Kifusi kilikuwa chake, na kila alipokitazama roho ilimuuma.

— Sasa mbe, lori umeshakodi, unangoja nini? — Redio aliuliza. — Panda, mkazibe shimo kabla wakubwa hawajafika.

— Mama ameweka isale.

Vikombe vyote vikashushwa. Hata muuza kahawa alisimamisha birika hewani.

— Ameliweka wapi? — Bandari aliuliza kwa sauti ya chini.

— Mdomoni mwa shimo. Leo alfajiri. Amelifunga fundo, akalilaza pale, akaenda kukamua ng'ombe. Hakunisemesha.

Hapakuwa na haja ya maelezo. Mlimani, mtu akikuomba jambo kwa jani la isale, humkatalii. Hata aliyeapa kutosamehe hulipokea na kusamehe. Na Bi Mektrida hakuwa mama wa kuweka isale ovyo.

Shimo lenyewe lilifunguka Melkior akichimba choo nyuma ya migomba. Jembe lilizama, udongo ukaporomoka, na chini yake likaonekana handaki, moja ya yale waliyochimba wazee wa zamani wajifiche na watoto na mifugo yao wavamizi walipopanda mlimani kupora. Bi Mektrida alilia kwa furaha. Baba mkwe wake, yaani babu yake Melkior, alikuwa akimsimulia kwamba yeye alizaliwa humo humo ndani, vita vikipita juu ya kichwa cha mama yake, na wengine katika ukoo walidhani ni porojo za mzee. Furaha haikudumu. Wiki hiyo zikapanda habari kwamba kwa ajili ya handaki hilo serikali inakuja kukichukua kihamba chote, yaani shamba la ukoo, ikipe kampuni ya mwekezaji. Kihamba chenye kahawa ya baba yake, na kaburi la baba yake. Melkior akaona afadhali alizibe handaki, wakija wakute ardhi tupu.

— Nikifukia, nimevuka isale la mama — alisema. — Nisipofukia, mama mwenyewe atalala wapi? Aisee, tangu juzi chakula hakipiti.

— Pole sana, mdogo wangu — alisema Bandari, akajiweka sawa benchini. — Lakini usishangae wakililia hilo shimo. Kule Pwani nimeyaona kwa macho yangu. Minara ya mawe, kuta nene hivi, zina matundu ya kuchungulia. Wenyewe waliogopa maharamia wa baharini. Mlinzi anapanda juu, akiona tanga asilolijua anapiga pembe, mji mzima unaingia ndani ya ukuta.

— Sisi minara hatuna — alisema Injinia.

— Tunayo, ila imeelekea chini! Mtu wa Pwani anapanda ili amwone adui. Mchagga anashuka ili asionwe. Kazi ni ile ile.

Hilo lilikuwa na akili, na lingetosha. Lakini kahawa ilikuwa bado ya moto.

— Chini kwenda wapi? — Injinia alidakia. — Mimi kwa hesabu zangu hilo handaki linatokea Holili, kule mpakani. Kumbukeni miaka ile sukari haionekani madukani. Watu walikuwa nayo majumbani, na pale mpakani hakuna aliyewaona wakivuka. Walipita wapi?

— Kichakani! — alisema Melkior.

— Ndivyo ulivyoambiwa.

— Holili ni karibu mno — alisema Redio. — Hilo linafika baharini.

— Baharini wapi, wewe?

— Baharini! Wavamizi wenyewe walikuwa maharamia hao hao wa Bandari. Waliona kule Pwani kuna minara, wakasema tuwazunguke kwa chini. Wakachimba, wakachimba, wakapotea njia. Kutoa kichwa, baridi! Wakakutana na migomba, wakapikiwa mtori, wakaoa. Hujiulizi kwa nini Wachagga tunapenda biashara hivi?

— Kwa hiyo babu yangu ni haramia — alisema Melkior.

— Sikusema babu. Babu wa babu.

Bandari alicheka hadi kahawa ikamwagikia shati. Melkior hakucheka. Aliwatazama akajiuliza alikuja kutafuta nini kwa watu hawa. Jua lilikuwa linapanda, na kule nyumbani jani lilikuwa linanyauka mdomoni mwa shimo.

Mlango wa lori ukafunguka. Dereva, mtu wa Mwika aitwaye Anaeli, alivuka barabara, akalizunguka dimbwi kwa adabu zote, na bado akakanyaga matope.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Kaka Melkior, twende ama tusiende? Mimi mchana nina mzigo wa Holili.

— Ngoja kidogo, ndugu yangu. Tunalitafakari hili la serikali kuchukua kihamba.

— Kwani nani amekwambia wanakichukua?

Melkior aliweka kikombe chini.

— Ameniambia jirani yangu, Kornel.

— Huyo Kornel yuko serikalini?

— Hapana. Yeye alisikia sokoni. Kwa… — Melkior aligeuka polepole. — Kwa muuza mitumba.

Redio akaanza kukagua vifungo vya koti lake.

— Ndelilio! — Bandari aling'aka. — Ni wewe?

— Mimi sikusema kwa ubaya! Nilikuwa nauza suruali, wateja wananunua na mazungumzo. Nilisema tu kwamba mashimo kama hayo huwa yanawekewa uzio na kibao, na mwenye shamba anaingia kwa ruhusa. La mwekezaji waliongeza wateja. Siku hizi si kila kitu kinabinafsishwa?

— Na la uzio ulilitoa wapi?

— Kwako wewe! Ijumaa ile! Hapo hapo ulipokaa!

— Mimi nilisema Pwani! — Bandari alisimama. — Nilisema mnara mmoja wa Pwani umewekewa uzio na kibao! Na nisingeusema kama huyu Melkior asingekuja hapa kutusimulia shimo lake!

— Basi serikali yenyewe imesemaje? — aliuliza Anaeli.

Bandari alikaa tena. Injinia akainamia baiskeli ya mteja. Serikali haikuwa imesema kitu; pengine hata habari za choo cha Melkior haikuwa nazo. Maneno yalitoka kwenye benchi hili, yakapanda mlimani na magunia ya mitumba, yakanenepa sokoni, yakamrudia Melkior mwenyewe yakiwa na sura ya mgeni.

Melkior alianza kucheka. Alicheka akashika mbavu, machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko yakawa machozi kweli, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kihamba ni chake. Baba yake analala pale pale. Na isale la mama hajalivuka.

— Nusura nilifukie — alisema. — Mnajua? Ningelifukia.

— Utusamehe, mbe — alisema Redio, na safari hii hakuwa na nyongeza.

— Wewe nenda nyumbani — alisema Bandari. — Liokote lile jani kwa mikono yako, umwambie mama umelipokea.

— Na hiki kifusi? — aliuliza Anaeli, akikung'uta matope kiatuni.

Melkior alitazama kiatu cha dereva, kisha dimbwi. Wote wakatazama dimbwi.

Lori liligeuzwa, likarudi kinyumenyume, Injinia akipiga makelele ya kuelekeza kana kwamba dereva hana macho. Kifusi kiliporomoka, maji machafu yakaruka na kumchafua Redio hadi kiunoni, na hakuna aliyemwonea huruma. Walisawazisha kwa miguu huku wakitaniana. Melkior alifanya kazi kuliko wote, njaa imemrudia.

Mama mmoja aliyekuwa anakwenda hospitali kumwona mgonjwa alisimama.

— Jamani, hapa mnajenga nini?

Redio akavuta pumzi ndefu. Wote wakamgeukia. Alimtazama Melkior, akaimeza pumzi yake kwa taabu.

— Kifusi tu, mama — alisema. — Pita.