Pompi ya Siku Mbaya

Katika mtumbwi wa moteri, tukivuka mto kutoka Alunguli, mzee Djamali alituonyesha pompi yake ya kuvuta dawa ya pumu, mpya kabisa, bado ndani ya nailoni. Mama Mauwa, muuza mchele, alishtuka. "Papa, chama cha wauguzi walitufundisha pale sokoni: hiyo ni ya kila siku, asubuhi na jioni!" Mzee akauliza, "Hata nikiwa muzima?" "Njo hiyo itakuacha muzima."

"Mama, wakati wa vita nilichunga vidonge viwili vya pumu miaka tatu bila kuvimeza, vya siku mbaya. Njo maana niko hapa." "Uko hapa juu ya mbio zilizokuokoa, papa, hapana juu ya vidonge." "Mbio gani, na hiki kifua?"

Mtumbwi mzima ulicheka. Mimi sikumcheka sana. Vita vile vilinifundisha kuficha hata chumvi. "Wale wauguzi ni watoto," mzee akasema, "hawakulala porini." Mama akamjibu, "Na pumu inaogopa nailoni?"

Tukafika ng'ambo. Moteri ilipozimwa, tukasikia filimbi nyembamba: kifua cha mzee. Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa kuisikiliza. Mama Mauwa akaitazama ile nailoni. Hakuna aliyeshuka; tulingoja kuona kama ataifungua.