Mama Tusa na Lugha ya Mikono: Maisha ya Sekela Mwakatundu, 1970–2025

Sekela Asegelile Mwakatundu alizaliwa tarehe 14 Juni 1970 katika kijiji cha Kyimo, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Asegelile Mwakatundu, mkulima wa chai na ndizi, na mkewe Bi. Tupokigwe. Kaka yake, Gibson, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwa na miaka saba siku hiyo, na alitumwa mtoni kuchota maji ili asikae karibu na shughuli za akina mama. Alipokuwa akirudi na ndoo yake alimsikia mtoto analia kabla hata hajaiona nyumba. Sauti hiyo haikupungua miaka iliyofuata. Mama yao alipomhitaji mtu aliye ng'ambo ya bonde, alimsimamisha Sekela ukingoni mwa shamba, mtoto akaita jina mara moja, na mtu akaja.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Mbeya, akamaliza kidato cha nne mwaka 1988. Daraja lake lilikuwa la wastani. Gibson, aliyefanya kazi ya ukarani wa masijala kwa miaka thelathini na mbili, anayo nakala ya cheti hicho na haoni sababu ya kukipamba.

Mwaka 1989 Sekela alikuja Dar es Salaam na kufikia kwa kaka yake Manzese. Alijifunza kupiga chapa, lakini ajira aliyoipata tarehe 4 Februari 1991 ilikuwa ya kupokea simu kwenye swichibodi ya kampuni moja ya biashara ya jumla, Barabara ya Pugu. Kazi hiyo ilimfaa kupita kiasi. Wateja wa mikoani walipiga simu ambazo hazikuwa za lazima ili wamsikie tu akisema, "Subiri nikuunganishe." Bwana mmoja wa Mwanza alisafiri hadi Dar, akaingia ofisini, akamkuta binti mwembamba mlangoni, akamwambia anamtafuta yule dada mnene wa kwenye simu. Sekela akamjibu kwa utulivu, "Katoka kidogo. Nimwachie ujumbe gani?"

Swichibodi hiyo ndiyo iliyomletea mume. Bwana Gaspar Kabyemera, fundi umeme, aliitwa kuitengeneza mwaka 1994, na kuanzia hapo nyaya zake zikawa zinaharibika kila baada ya wiki mbili. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Septemba 1996 na kuhamia Tabata, walikojenga na kuishi hadi mwisho. Mungu aliwajalia watoto wawili: Brightson, aliyezaliwa mwaka 1998, na Tusajigwe, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2003. Jina la Tusajigwe ni la bibi mzaa baba wa marehemu. Wazee wa upande wa Gaspar walilikubali baada ya kikao kirefu, na hata hivyo wengi wao walimwita Tusa kwa sababu ndimi zao hazikufika mwisho.

Mnamo Novemba 2005, akiwa na miaka miwili na nusu, Tusajigwe aliugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa siku kumi na tisa. Aliporudi nyumbani, mama yake alimwita kutoka jikoni kwa sauti ile iliyokuwa ikivuka bonde zima, na mtoto hakugeuka. Sekela aliita tena na tena, kisha akakaa sakafuni. Kwa miaka mingi hakumsimulia mtu habari hiyo, na alipoisimulia alilia upya.

Familia ilitunga ishara zake. Kulikuwa na ishara ya kula, ya kuoga, ya njoo, ya acha, ya baba amerudi. Jumla hazikuzidi arobaini, nazo zilitosha kumlea mtoto lakini hazikutosha kuongea naye. Mwaka 2011 Tusajigwe alipelekwa shule ya bweni ya watoto viziwi, mkoa wa mbali. Alirudi likizo ya kwanza akiwa na lugha. Pale stendi ya mabasi Sekela alisimama na mfuko wa chapati mkononi akimtazama binti yake akiongea na mwenzake kwa vidole, haraka, wakicheka, na hakuambulia hata neno moja. Siku hiyo alimwambia mumewe, "Mtoto wangu ana maneno mengi, na mimi simo." Tangu hapo kitu alichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa kimoja: kuongea na binti yake.

Ndugu hawakumsaidia sana. Gibson, kwa mfano, alikuwa akimsalimia mpwa wake kwa kumpungia mkono na kumpa pipi, na akaamini kuwa wajibu wa mjomba umetimia. Alipotaka jambo, alisema, "Mwambieni Tusa." Hili limeandikwa hapa kwa idhini yake mwenyewe.

Swichibodi iling'olewa mwaka 2009, kila mtu akiwa na simu yake mfukoni, na Sekela akafungua duka la steshenari na fotokopi Tabata. Wateja walipopungua mchana alishika simu. Ndivyo ilivyoanza, Julai 2019, kazi ambayo imewaleta wengi wenu hapa leo. Alifungua ukurasa mtandaoni, akauita Mama Tusa, na kuanza kurusha video fupi za kuwafundisha wazazi wenzake namna ya kuzungumza na watoto viziwi. Gaspar alishika kamera. Video saba za kwanza zinamkata marehemu kichwa, lakini mikono inaonekana vizuri.

Watu walizipenda. Wanaosikia walizisambaza, wakamwita shujaa, wakamwombea baraka. Kufikia Novemba alikuwa na wafuatiliaji elfu kumi na moja. Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kubwa: alichokuwa akifundisha hakikuwa lugha ya alama. Zilikuwa zile ishara arobaini za nyumbani kwake Tabata.

Aliyemwambia alikuwa Polikarpo, fundi seremala wa Sumbawanga, kiziwi tangu kuzaliwa. Aliweka video yake kwenye maoni, akiongea kwa mikono, maneno yakiwa yameandikwa chini: "Mama, wewe ni mtu mwema. Lakini hizi ni za jikoni kwako. Mzazi akijifunza hizi, mtoto wake hatamwelewa." Baada yake wakaja wengine mamia, na si wote waliokuwa na adabu ya Polikarpo. Msichana mmoja alimwigiza Sekela akiwa amejifunga kitenge kama chake, na video hiyo ikatazamwa kuliko zote alizowahi kurusha marehemu.

Brightson alimwambia, "Mama, ishu imekuwa kubwa, wanakutania kinoma huko. Funga ukurasa." Gibson naye alishauri afute kila kitu, akaongeza kwamba watu wa mtandaoni hawana shukrani. Sekela akafunga ukurasa. Kwa siku tisa hakufungua hata duka.

Siku ya kumi Tusajigwe alirudi likizo. Alikuwa na miaka kumi na sita. Aliingia, akaweka begi chini, akaandika kwenye simu na kumpa mama yake: "Darasa zima limeona."

Sekela akaandika, "Nisamehe. Nilitaka ukija unikute najua."

Binti akasoma, akaandika tena. Gaspar alikuwepo na ndiye aliyesimulia. Tusajigwe aliandika: "Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Sekela alikuwa ametafuta njia ya kumfikia binti yake kwa kupita kwa watu elfu kumi na moja, na kila likizo binti mwenyewe alikuwa chumba cha pili. Alimshika mkono, akaketi naye mezani, na kwa mara ya kwanza akamwomba amfundishe.

Ukurasa ulifunguliwa tena tarehe 15 Desemba 2019. Video za zamani hakuzifuta. Alisema aliyekosea hadharani ajirekebishe hadharani. Kila moja aliirudia upya, Tusajigwe akiwa ameketi kando yake. Mama anaonyesha neno, binti anatikisa kichwa, anamshika vidole na kuvipanga, mama anakosea tena, binti anamchapa kofi dogo mkononi, wote wanacheka. Hakukuwa na kingine. Na hapo ndipo viziwi wenyewe walipoanza kumfuata. Polikarpo alileta maneno ya useremala. Yule msichana aliyemwigiza aliomba radhi, akaleta maneno ya jikoni. Ikagundulika kwamba neno moja Dar linaoneshwa hivi na Mwanza vile, na mabishano yalikuwa makali. Sekela alikataa kuwa mwamuzi. Aliweka zote mbili, kila moja na mji wake.

Walimwandikia kutoka Mombasa, Lubumbashi na Moroni. Wengi walikuwa wazazi waliodhani wako peke yao. Muuguzi wa zahanati moja Kigamboni alijifunza maneno ishirini, akaweza kumuuliza mama mjamzito kiziwi maumivu yako wapi, na akajibiwa. Bi. Chausiku wa Mtoni, Temeke, alifunga safari hadi dukani Tabata na bakuli la visheti. Sekela alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia na kumshika mabega yote mawili. "Mwanangu, mie nina miaka sitini na mbili," alisema, "na mjukuu wangu ndo kwanza juzi kaniita bibi. Kaniita kwa vidole, nami nimeitika kwa vidole. Mungu akupe nini?" Sekela alimjibu kwamba ameshapewa. Kufikia hapo yeye na Tusajigwe walikuwa wakiongea mchana kutwa, wakigombana kuhusu nguo, wakisengenya majirani mbele yao bila woga, na Gaspar akilalamika kuwa ametengwa ndani ya nyumba yake.

Marehemu alikuwa na tatizo la presha tangu mwaka 2017. Tarehe 8 Februari 2025, akiwa dukani, alipata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na sauti ile ikaondoka yote. Ndugu walipofika hospitali walimwinamia, wakamuuliza, wakarudia. Gibson alipiga kelele hadi nesi akamwambia, "Mzee, taratibu, mgonjwa anasikia. Ni wewe usiyemsikia." Kisha Tusajigwe akaingia wodini. Sekela akainua mkono wa kushoto, ule mmoja uliobaki, vidole vikatikisika kwa shida, na Tusajigwe akageuka akatuandikia: "Anasema uji una sukari nyingi. Na mjomba aache kelele."

Kwa majuma sita hakuna aliyeweza kumfikia Sekela bila kupita kwa binti yake. Madaktari, mchungaji na mumewe wote walisimama wakisubiri Tusajigwe aandike. Walioshinda miaka wakisema "mwambieni Tusa" sasa walimwomba Tusa awaambie wao. Gibson alijifunza maneno kumi na tisa katika siku hizo. Anasikitika kwamba alikuwa na miaka ishirini ya kujifunza, na hana cha kujitetea.

Wazee wa Kyimo walitaka marehemu arudishwe nyumbani, na walikuwa na haki. Lakini tarehe 2 Machi alisema mwenyewe azikwe Dar es Salaam, mahali ambapo Tusajigwe anaweza kufika bila kuhitaji mtu wa kumsemea njiani. Gibson alimuuliza dada yake mara mbili kama tafsiri hiyo ni sahihi. Aliitikia kwa kichwa mara zote mbili, ya pili kwa hasira. Ndiyo maana tuko hapa makaburini Segerea leo.

Jumamosi tarehe 22 Machi, alasiri, walikuwepo wodini Gaspar, Brightson, Gibson na Tusajigwe. Sekela alimtazama binti yake akaanza kuongea. Aliongea kwa muda mrefu, kama dakika kumi, kwa mkono mmoja uliokuwa umechoka, akipumzika na kuendelea. Tusajigwe alijibu kwa mikono miwili. Kuna mahali walicheka. Mwishoni Tusajigwe aliweka kichwa chake kitandani, na ule mkono ukamshika nywele. Watu watatu walikuwa wamesimama pale wakitazama. Gibson akachukua simu, akaandika, akampa mpwa wake: "Amesema nini?"

Tusajigwe alisoma, akafuta machozi, akaandika, akairudisha simu. Aliandika: "Alikuwa anaongea na mimi."

Sekela alifariki dunia asubuhi iliyofuata, Jumapili tarehe 23 Machi 2025, saa kumi na mbili na robo, akiwa na umri wa miaka 54, miezi tisa na siku tisa.

Ameacha mume, Gaspar, watoto wawili, Brightson na Tusajigwe, mjukuu mmoja, kaka yake Gibson, na watu wengi tuliowaona jana na leo kwa mara ya kwanza, akiwemo Polikarpo, aliyetoka Sumbawanga kwa basi, na Bi. Chausiku na mjukuu wake. Familia haikujua kwamba ina ndugu wengi kiasi hiki, na inawashukuru.

Baada ya sala Tusajigwe atamuaga mama yake kwa mikono. Tunaomba asitokee mtu wa kututafsiria. Sisi tutasimama, tutatazama, na tutanyamaza.

Pumzika sasa, dada yetu Sekela. Bwana akutunze hadi tuonane.