Mama Futi na Nusu Inchi Aliyoirudisha

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba mtulie kidogo, isomwe habari ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Mama Futi kwa sababu hata kanisani alikuja na futi ya fundi shingoni, na isomwe kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuruka pale pabaya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mpiga chapa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na kituo cha reli kuanzia 1959 hadi 1966, na huko alikaa dawati moja na msichana ambaye baadaye tulimjua kama Mkasi Mmoja, kwa kuwa akikata kitambaa harudii.

Tarehe 3 Januari 1968 aliajiriwa katika karakana ya kushona mashati, na mwaka uliofuata alimwombea kazi rafiki yake huyo, akamfundisha kupanga kitambaa tabaka arobaini, kuweka juu yake pateni ya karatasi ngumu, kuchora kwa chaki, ndipo akate. Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na dereva wa lori la vitambaa, aliyetangulia mbele za haki mwaka 2009, wakajaliwa binti mwaka 1974 na kijana mwaka 1977.

Waliishi ghorofa ya tatu katika nyumba za wafanyakazi, pamoja na mama yetu, ambaye magoti yalikuwa yamemwisha, na ngazi zilikuwa arobaini na mbili. Mkuu wa wakataji hupewa chumba cha chini, na kila aliyejua kazi alijua zamu ni ya Mama Futi, lakini Mei 1981 cheo kilikwenda kwa Mkasi Mmoja. Dada yetu alimpongeza kwa mdomo, moyo ukabaki umefura. Mwenzake akisifiwa, chakula hakikushuka, mwenzake akicheka, aliona anachekwa yeye, na kila mama alipopumzika katikati ya ngazi, alitazama mapazia mapya ya chumba cha chini kana kwamba yameshonwa kwa ngozi yake.

Alhamisi, tarehe 15 Aprili 1982, wenzake wakiwa wametoka kula, aliichukua pateni ya mkono wa shati kwenye msumari wa Mkasi Mmoja, akaipunguza nusu inchi upande wa kifundo cha mkono. Alijua asubuhi yake mikono arobaini ingetoka mifupi kwa mkato mmoja, mkuu angeshushwa, na mama angepata chumba. Alijiambia anafanya kwa ajili ya mama, na jioni, akimkanda magoti, akamwambia mambo yako karibu kuwa mazuri, kisha akaulizwa yamekuwaje, akashindwa kudanganya.

Mama akayaondoa magoti yake mikononi mwake, akasema, "Ngazi nimezizoea. Mtoto wa hila ndiye sijamzoea. Mungu akitaka nishuke atanishusha, wewe usimharakishe kwa mkasi."

Ijumaa alimkuta mwenzake ameshatandaza tabaka la arobaini, chaki iko mkononi. Alitoa mfukoni kile kipande cha nusu inchi, akakiweka mezani na kueleza yote. Mkasi Mmoja aliipima pateni kwenye mkono wake mwenyewe, kisha akasema, "Kushika mkasi ulinifundisha wewe, dada. Magoti ya mama mbona hukuniambia?"

Marehemu alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akahamishiwa benchi la vifungo mwaka mmoja na nusu. Chumba cha chini alikipata tarehe 1 Juni 1990, Mkasi Mmoja alipohamia nyumba yake mwenyewe na kuliandika jina la Mama Futi ofisini ili apewe yeye. Mama aliishi humo miaka minne, akaota jua mlangoni kila asubuhi. Dada yetu alimshukuru Mungu kwa magoti yote mawili, ingawa alikiri kwamba ilimchoma kuona hata baraka yake imepitia mkono uleule. Wivu huo aliuombea kila Jumapili, na haukuisha upesi.

Oktoba 2021 aligunduliwa kuwa na uvimbe tumboni, akalazwa wodi ya pili ya hospitali kuu. Mkasi Mmoja alikuja kila siku, na muuguzi aliposifu gauni la mgeni, mgonjwa aligeukia ukutani. Lakini wiki ya mwisho alimwomba amkatie gauni la kuzikiwa, akamwambia, "Mikono usije ukaifupisha," wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Alifariki tarehe 11 Septemba 2022, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa zote tatu, na wenzake wa karakana. Pateni ile, yenye kipande kilichorudishwa kwa gundi, ilining'inia nyuma ya mlango wake miaka arobaini, na juzi Mkasi Mmoja aliiomba, akakatia mikono ya gauni alilovaa marehemu. Imefika kwenye vifundo vya mikono.

Mama Futi, weka futi chini, pumzika kwa amani.