Sista Bathsheba na Matanga Yaliyokosa Chakula

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Sista Bathsheba Nyangate atavua gambuti zake za kazi baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi katika kaunti za Kisii na Nyamira. Kati ya miaka hiyo, kumi na sita ameongoza Timu yetu ya Hiari ya Afya, ile inayotoka mbio kila ugonjwa unapozuka, bila kungoja gari wala barua. Anastaafu akiwa na miaka sitini kamili, magoti mawili yenye malalamiko, na sauti inayosikika hadi ng'ambo ya bonde.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika ni Samsam Abdirahim, mtoa dawa wa kituo chetu. Wenzangu wanadai nimechaguliwa kwa sababu nimekulia mjini Kisii, katika nyumba ambamo watu hugombana kwa Kiswahili tangu asubuhi. Ukweli ni kwamba wao walikwepa. Nimefanya kazi na Sista miaka kumi na miwili. Amenifokea, amenilisha, na siku moja ya mvua alinibeba mgongoni kunivusha mto kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vya mjini. Basi acha niseme.

Tangu mwaka jana swali lilikuwa moja tu hapa kituoni: Sista atastaafia wapi? Muuguzi wa Gesima akistaafu huenda nyumbani kwenye majani chai na migomba yake, na mambo yamekwisha. Kwake haikuwa hivyo. Mumewe, Mzee Sylvanus Ongeri, ana boma zuri kule Gesima, lakini katika boma hilo anaishi pia mama mkwe, Bibi Nyakerario, na kwa miaka minane mama huyo hakumjibu Sista salamu wala kuonja chakula kilichotoka mkononi mwake. Sista alikuwa akilala katika nyumba ya kituo na kwenda Gesima siku ya Sabato tu. Sasa nyumba ya kituo anairudisha. Mwezi wa Februari nilimsindikiza mwenyewe kutazama chumba cha kupanga Kisii mjini. Alisimama mlangoni, akakitazama, akauliza kodi kwa sauti ya chini. Sista kusema kwa sauti ya chini si jambo la kawaida, na roho yangu iliuma.

Kisa cha ugomvi huo nitakifikia. Kwanza kazi yake.

Aliajiriwa mwaka 1991, akaanzia wodi ya watoto, akahamishiwa Magwagwa, kisha akaletwa kituo chetu, karibu na nyumbani Gesima. Mwaka 2009 surua ikaingia. Kituo kilikuwa na wauguzi watatu na milima isiyo na hesabu. Sista akaenda mahali ambapo kila mtu wa Gesima lazima afike, kituo cha kununulia majani chai, akapanda juu ya mizani watu wakiwa wamepanga foleni na vikapu vyao. Akawaambia anataka watu kumi na mmoja wenye miguu mizuri. Karani alikuwa ameshazoea kusoma mizani, basi akatangaza kwa sauti kwamba majani ya leo ni kilo sabini na tatu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sista alicheka nao, kisha akaanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja: mwalimu, fundi wa cherehani, mwenye bodaboda, mama wa ndizi. Hakuwaomba, aliwapangia zamu. Hivyo ndivyo timu ilivyozaliwa, na karani yule, Eric Ondieki, ndiye mwenyekiti wetu leo.

Mimi niliingia mwaka 2013 na kosa langu la kwanza bado linasimuliwa. Nilipewa kupanga siku ya chanjo, nikapanga Jumamosi, maana mjini Jumamosi watoto hawaendi shule. Asubuhi mapema tulifika Gesima na masanduku ya chanjo. Gesima nzima ikapita mbele yetu ikiwa imevaa nguo safi, Biblia mkononi, ikitusalimu kwa heshima na kuendelea na safari ya kanisani. Hata Sista mwenyewe alipita! Aliniuliza tu kama barafu itatosha mpaka alasiri. Ibada ilipokwisha alitoka na mzee wa kanisa, akaeleza waumini pale pale uwanjani kwamba kumkinga mtoto si kazi ya kuvunja Sabato, na kufikia saa kumi tulikuwa tumechanja watoto mia mbili na sita. Mwaka uliofuata yeye akapanga mkutano na wafanyabiashara wa mtaa wetu Ijumaa saa saba mchana. Nilimwacha akae na viti vitupu mpaka watu walipotoka msikitini. Tukawa sawa.

Utaratibu wake wa maji nao kila mwanatimu anaujua kama jina lake. Ukitia dawa kwenye mtungi wa mtu, hutoki hapo. Unakaa nusu saa, unaomba kikombe cha nyumba hiyo, si chupa yako, unakunywa wa kwanza mbele ya mama, baba na watoto. Kuna siku Masimba nilikunywa vikombe kumi na vinne. Nililalamika. Sista alisema kibofu kikijaa kuna migomba kila mahali, niendelee.

Sasa nifike pale.

Miaka minane iliyopita kipindupindu kilishuka upande wa Magwagwa, kikapanda hadi Gesima. Tulikuwa tumejifunza haraka kwamba kilichokuwa kikitumaliza ni matanga. Kwetu mtu akifa, watu huja kutoka kila kona, hupeana mikono, hulala hapo, hupikiwa. Kumzika mtu bila kulisha waombolezaji ni kumzika kama asiye na kwao. Sista aliyajua haya kuliko sisi sote, lakini ndiye aliyesimama sokoni Magwagwa na kutangaza masharti: aliyekufa kwa ugonjwa huu anaandaliwa na timu, anazikwa siku hiyo hiyo, hakuna kupeana mikono, hakuna sufuria jikoni. Boma la kwanza tulilofika na masharti hayo lilitufukuza kwa fimbo. Walimwuliza Sista kama angeweza kumfanyia hivyo mtu wake.

Siku tisa baadaye alikufa Omosa, kitinda mimba wa Bibi Nyakerario, shemeji yake Sista. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Yeye na Sista walipendana sana. Ndiye aliyempigia chapuo kwa mama yake siku za uchumba. Asubuhi ile hakuna aliyethubutu kumwuliza Sista tufanye nini. Watu wa Magwagwa walikuwa wanatazama, watu wa Gesima walikuwa wanatazama. Bibi Nyakerario alimshika mkono akamsihi. Hakutaka ng'ombe, hakutaka makubwa. Alitaka wimbi lake mwenyewe lipikwe ugali na watu waliokuja kumlilia mwanawe wasirudi na njaa.

Sista alikataa.

Alivaa glavu akamwandaa Omosa kwa mikono yake. Kisha alikwenda langoni na ndoo ya maji ya dawa, akaosha mikono ya watu zaidi ya mia mbili, shangazi kwa wajomba, na kuwaambia mmoja mmoja wasimame kando, walie, waombe, waende. Moto wa jikoni aliumwagia maji yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la dawa na nilikuwa nalia. Yeye hakulia mpaka tulipofika barabarani, na hapo alilia kama mtoto.

Baada ya siku ile hakuna boma lililotufukuza tena. Ugonjwa uliisha ndani ya wiki tano. Timu ilisifiwa, picha zikapigwa, na Sista hakutokea katika hata moja. Bibi Nyakerario alisema mbele ya ukoo kwamba mke wa Ongeri amemzika mwanawe kama mbwa, na kwamba hatakula chake tena. Alitimiza. Mzee Sylvanus akawa mtu wa kubeba salamu kati ya nyumba mbili zilizotengana hatua ishirini, na kila upande ukimlaumu kwa upole wake. Sista angeweza kusema kwamba alilazimishwa na wakubwa. Nilimshauri hivyo. Alijibu kwamba hakulazimishwa na mtu, na kwamba hata leo angemwaga maji yale.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamekwama hadi Aprili ya mwaka huu, Sista akiwa amebakiza miezi miwili na nusu.

Ugonjwa ulirudi Magwagwa. Boma moja lilificha. Walisema mzee wao amekufa kwa malaria, wakaita watu, wakapika. Bibi Nyakerario alikwenda, maana marehemu alikuwa binamu yake. Ana miaka themanini na mbili na hakosi matanga. Siku ya tatu tulikuwa na wagonjwa kumi na saba katika madarasa ya shule ya msingi, shule zikiwa zimefungwa, na mmoja wao alikuwa yeye.

Alipomwona Sista aligeuza uso ukutani. Alisema kwa Ekegusii, kwa sauti ya kunong'ona lakini sote tulisikia, kwamba aletewe muuguzi mwingine. Tulimletea. Yule kijana alitafuta mshipa mkono wa kulia, akatafuta wa kushoto, akajaribu mguu. Mama alikuwa amekauka, mishipa imezama. Nilijua, na Sista alijua, kwamba saa moja zaidi ingekuwa nyingi. Sista alivuta kiti, akaketi, akamwambia mama mkwe wake kwamba ana ruhusa ya kumchukia akiwa hai. Kisha akaushika ule mkono mwembamba, akaupapasa kwa kidole kimoja, akapiga sindano mara moja tu. Dripu ikaanza kushuka.

Kwa siku tatu alimhudumia bila maongezi. Alimgeuza, alimsafisha, alibadilisha ndoo. Siku ya tatu alasiri nilikuwa nagawa maji ya chumvi kitanda kwa kitanda. Bibi Nyakerario aliniuliza ni watu wangapi waliokula kwenye matanga ya binamu yake wameugua. Nikamwambia kumi na saba, na wawili kati yao hatukuwawahi. Kisha akamgeukia Sista, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miaka minane. Alimwuliza ni wangapi waliougua baada ya kumzika Omosa.

Sista alisema hakuna hata mmoja.

Mama aliuliza tena, kana kwamba hakusikia. Akaanza kuwataja: shangazi yake fulani, majirani, wale watoto wa kwaya, dada zake wawili waliotoka mbali. Kwa kila jina Sista alijibu kwamba hakuugua. Yalikuwa majina mengi. Majina yalipomwishia, mama alifunika macho kwa kanga, na alipoifunua aliomba uji. Mwanatimu mmoja alikimbia kuuchukua jikoni kwetu. Mama alikataa. Alitaka uliopikwa na mke wa Ongeri.

Jamani, nimemwona Sista akishona kichwa cha mtu barabarani bila mkono kutetemeka. Uji ule aliumwaga mara mbili.

Chumba cha mjini alikifuta kwa simu jioni hiyo. Wagonjwa wote kumi na watano waliobaki walirudi makwao wakitembea. Na kabla timu haijavunja kambi, Sista aliitisha mkutano, akatugombeza kwa glavu zilizotupwa ovyo, na kupanga zamu za Mei, Juni na Julai. Ndiyo, Julai, wakati yeye hatakuwa mtumishi tena. Mwenyekiti alipomkumbusha, alisema ni kazi ya hiari, na hiari haina umri wa kustaafu. Ukisikia ndoo zikigongana Gesima mwaka ujao, ujue ni nani.

Kwa hiyo, Sista Bathsheba, pokea shukrani zetu. Asante kwa watoto wa Gesima, Masimba na Magwagwa ambao wamekuwa watu wazima na hawajui walikingwa na nani. Asante kwa kutukalipia. Asante kwa siku ile ya langoni, ambayo hatukukushukuru wakati wake kwa sababu tuliogopa kuitaja mbele yako. Mungu akujalie uzee mtulivu, magoti yatulie, majani chai yastawi, na Mzee Sylvanus apumzike kubeba salamu.

Tangazo la mwisho kwa wanatimu wote. Tulikuwa tumepanga sherehe ifanyike hapa kituoni, na wapishi tulikuwa tumewatafuta. Bibi Nyakerario ametuma ujumbe kwamba tusithubutu. Jumapili tarehe 6 Julai sote tunaitwa bomani kwake. Ameomba ukoo uje, na wale wote mia mbili walioondoka na njaa siku ya kumzika Omosa, kila aliye hai. Wimbi ameshasaga. Anasema ni matanga ya mwanawe, yamechelewa tu, na pia ni siku ya kumkaribisha mke wa Ongeri nyumbani. Sista ameambiwa asiguse mwiko. Atakaa mkekani karibu na mama mkwe wake, na sahani ya kwanza atapakuliwa yeye.