Mikono Iliyosikiliza Shingo za Nyasura

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Matrida Wanzagi atatundika koti lake jeupe kwenye msumari ule ule ulioanza kulishika mwaka 2004, na safari hii hatalichukua tena. Atakuwa ametimiza miaka sitini ya umri na thelathini na minne ya kazi: kumi na mitatu Musoma, ishirini na mmoja hapa kwetu, kliniki ya viungo, Nyasura. Wahariri wa jarida la watumishi wameniomba mimi, Abednego, niandike habari zake, kwa kuwa nimefanya naye kazi chumba kimoja kwa miaka tisa. Nilikubali haraka, kisha nikakaa na karatasi tupu siku nne. Kuanzia Julai chumba kile ni changu peke yangu, na kusema kweli naogopa.

Alizaliwa Buswahili, Butiama. Shingo ya kwanza aliyoigusa ilikuwa ya babu yake, akielekezwa na bibi yake, mkandaji aliyejulikana kata nzima. Bibi alipaka samli, akafumba macho, akatuliza vidole shingoni hadi ungedhani amesinzia. Matrida alirithi kufumba macho. Samli aliiacha, maana inaharibu mashuka.

Alisomea fiziotherapia Moshi, akaajiriwa Musoma mwaka 1991. Mwaka 2009 alikwenda Mwanza kwa mafunzo ya wiki sita ya osteopathia, yaani tiba ya mifupa na misuli kwa mikono mitupu. Huko walifundishwa kwamba msuli ukilazimishwa unakaza zaidi. Ukiushika kwa upole ukasubiri, unalegea wenyewe. Alirudi anacheka. Alisema amesafiri mpaka Mwanza kufundishwa mambo ya bibi, tena amepewa na cheti.

Mchana, jua likigeukia upande wa ziwa, chumba chetu huwa kama kimezama majini. Pazia la kijani linapumua, feni inajizungukia polepole, mgonjwa amelala chali, na Mama Wanzagi ameketi nyuma ya kichwa chake, viganja chini ya kisogo, macho kayafumba. Dakika tano, dakika kumi. Bodaboda zinapita nje na wala huzisikii. Wengi walipitiwa na usingizi wa kitoto, wakaamka wakiuliza kama matibabu yameanza, naye akawaambia yamekwisha, wavae viatu.

Shingo aliieleza kama mtu anayesimulia ndoto. Pingili ni saba tu, alisema, saba kwako wewe na saba kwa twiga wa Serengeti, ni urefu tu mmepishana. "Ndiyo" yetu inakaa kati ya fuvu na pingili ya kwanza. "Hapana" inakaa chini yake, pale pingili ya kwanza inapozunguka kijino cha ile ya pili. Kisha anatutania kwamba sisi watu wa Mara hukaza hapo juu kwa sababu "ndiyo" yetu imeota kutu kwa kutotumika.

Kila mama aliyekuja na shingo inayouma alitakiwa aje pia na ngata yake, ile nguo ya kuviringisha anayoiweka kichwani chini ya ndoo. Mama Wanzagi aliisoma kabla hajamgusa mwenyewe: ilikobonyea zaidi ndiko kichwa kinakoelemea. Siku moja wageni kutoka mkoani walikuta ngata ishirini na mbili zimepangwa kwenye benchi, na mmoja wao akauliza bei. Mganga wetu mfawidhi, Dk. Stanislausi, aliinama kama ameangusha kalamu, akabaki huko chini mpaka kicheko kikamwisha.

Sasa la Dorotea. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza, na kimbelembele kilikuwa kimenijaa. Nilijua kuvuta shingo ikalia, wagonjwa wakanisifu. Dorotea, mama wa hapa Nyasura, alikuwa amefiwa na mama mkwe wake. Akichota maji ya msibani aliteleza bombani, ndoo ikiwa kichwani, akaangukia kisogo. Aliinuka akaendelea kupika. Siku tatu zote akawa ameshika tama, kiganja kimelibeba shavu, na waombolezaji wakamsifia: huyo ndiye mkwe, kwa uchungu ule. Hata kwangu aliingia ameshika tama. Nikampa pole ya msiba. Alisema shingo imekaza, akajilaza akikishikilia kichwa kwa mikono miwili, nami bado nikaona huzuni tu. Nikaweka mikono yangu tayari kuvuta.

Mama Wanzagi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa amemwona Dorotea akinyanyuka kwenye benchi la nje, amekibeba kichwa chake kama mtungi wenye ufa. Hakupaza sauti.

"Abednego, ondoa mikono. Hiyo siyo huzuni."

Alimuuliza Dorotea kama ana ganzi vidoleni. Dorotea akajibu hapana kwa midomo tu, kichwa hakikutikisika hata kidogo. Tulikata boksi la dripu tukalizungushia taulo likawa kola, tukamlaza juu ya ubao, mfuko wa mchele kila upande wa kichwa. Ndugu walikuja juu: shingo kukaza tu ndiyo mtu afungwe hivyo apelekwe Mwanza, na matanga hayajaanuliwa? Aliwaacha waseme. Alipanda gari pamoja na mgonjwa, akakishikilia kichwa kile njia nzima, saa mbili na nusu.

Picha ilionyesha kijino cha pingili ya pili kimevunjika. Ningevuta, Dorotea asingeinuka tena pale kitandani. Niliposikia nilikwenda nyuma ya tanki la maji nikalia, na sioni aibu kuliandika hapa. Mama Wanzagi hakunigombeza. Alinipa karatasi niandike mwenyewe nilichotaka kufanya, kisha kwa miezi sita hakuniruhusu kuvuta shingo ya mtu. Nilishika tu, nimefumba macho. "Mkono unasikilizaga kwanza," aliniambia. Dorotea leo anauza dagaa sokoni Bunda, mzigo anausukuma kwa baiskeli. Ngata yake alituachia. Imetundikwa juu ya mlango wetu.

Jumatatu iliyopita niliingia chumbani nikamkuta Mama Wanzagi ameketi kwenye kiti chake nyuma ya kitanda, ameshika tama. Nikamkumbuka Dorotea. Mganga hajigangi, na yeye shingo yake hajawahi kumpa mtu. Sikumpa pole. Nilisimama mlangoni nikangoja ainuke. Aliinuka, mikono yote miwili ikashuka, kichwa kikabaki juu chenyewe. Akageuka kushoto, akageuka kulia, taratibu, kama ananionyesha.

"Hii ni huzuni tu, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nangoja kuona kama utaangalia."

Mama Wanzagi, watumishi wote wa kliniki tunakushukuru. Rudi Buswahili salama, ulale mchana bila kengele ya zamu, na kichwa chako kisibebe tena mzigo wa mtu. Huku tutakuwa tunaangalia kwanza.